NP au PA akimtibu mgonjwa, bili iende kwa jina la nani?

Kliniki ya Marekani ikishamwajiri NP au PA wa kwanza, swali hili halichelewi kufika mezani. NP (nurse practitioner) ni muuguzi aliyesoma hadi ngazi ya kupima, kutambua ugonjwa na kuandika dawa. PA (physician assistant) naye amesomea tiba moja kwa moja, na kazi yake inakaribiana na ya tabibu tunayemjua kwenye vituo vya afya vya Tanzania na Kenya. Wote wawili wana namba yao ya utambulisho iitwayo NPI, wote wanaweza kusajiliwa na Medicare, bima ya serikali kuu ya Marekani hasa kwa wazee, na kazi yao inaweza kudaiwa malipo kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni dai kwenda kwa jina na NPI ya NP au PA mwenyewe. Ya pili ni dai kwenda kwa jina la daktari ingawa aliyemwona mgonjwa ni NP au PA. Ofisini utaisikia ikiitwa "incident to", na hapa tutaiita njia ya daktari. Ya tatu ni ya hospitalini, pale NP na daktari wanapomhudumia mgonjwa mmoja siku moja na dai likaenda kwa jina la mmoja wao. Hiyo tutaiita bili ya pamoja.

Ulinganisho huu ni wa mwenye kliniki ndogo, wa karani wa bili, na wa NP au PA anayetaka kujua kazi yake inaandikwa wapi. Kanuni tunazozieleza ni za Medicare, kwa sababu bima nyingi huanzia hapo hata zinapokuja kutofautiana nayo.

Vya kupima kabla ya kuchagua

Pima kila njia kwa mambo matano: inalipa kiasi gani, inaruhusiwa mahali gani, nani lazima awepo, faili la mgonjwa lioneshe nini, na huharibikia wapi. NP au PA aongeze la sita: njia hii inaacha kumbukumbu gani ya kazi yake?

Neno "kuchagua" lenyewe lina mipaka hapa. Kliniki haichagui njia moja ikaitumia mwaka mzima. Kila hudhurio huamuliwa na kilichotokea siku ile, na kliniki huchagua tu kama itajipanga ili njia fulani iwezekane.

Pesa

Tangu 1 Januari 1998, Medicare huwalipa NP na PA asilimia 85 ya bei iliyopangiwa daktari kwa huduma ileile. Chukua hudhurio ambalo bei yake kwa daktari ni dola 120. Hiyo ni namba ya mfano, kwa kuwa bei halisi hubadilika kila mwaka na hutofautiana kwa eneo. Kwa jina la NP bei inashuka hadi dola 102: Medicare inatoa 81.60, na mgonjwa au bima yake ya ziada anatoa 20.40. Kwa njia ya daktari ni dola 120 kamili, yaani 96 za Medicare na 24 za mgonjwa. Pengo ni dola 18, na sehemu ya pengo hilo inatoka mfukoni mwa mgonjwa asiye na bima ya ziada.

Hesabu inayowaponza wenye kliniki ni hii: NP wetu anaona wagonjwa 18 wa Medicare kwa siku, 18 mara 18 ni 324, kwa hiyo tunapoteza dola 324 kila siku. Hapana. Ondoa wagonjwa wapya. Ondoa waliokuja na tatizo jipya. Ondoa saa ambazo daktari alikuwa hospitalini au alikwenda kula. Wakibaki sita wanaotimiza masharti ya njia ya daktari, tutakayoyaona chini, faida ni dola 108, na kutoka hapo ondoa tena muda wa karani anayepekua mafaili kuwatafuta hao sita. Daktari ambaye angekuwa ofisini vyovyote vile hakugharimu chochote cha ziada, na hapo dola 108 ni pesa ya kweli. Lakini ukimzuia asiende kufanya kazi nyingine ili tu awepo jengoni, mara nyingi umepata hasara.

Bili ya pamoja hulipa asilimia 100 kama sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na daktari, na 85 kama ilifanywa na NP au PA.

Jambo dogo pembeni, kwa PA wa upasuaji: akiwa msaidizi kwenye chumba cha upasuaji, daktari msaidizi hulipwa asilimia 16 ya bei ya upasuaji, na PA hupata asilimia 85 ya hiyo 16, yaani 13.6. Alama ya kuweka kwenye msimbo, yaani namba ya huduma kwenye dai, ni AS.

Mahali

Dai kwa jina la NP au PA mwenyewe linakubalika karibu kila mahali ambapo sheria ya jimbo inamruhusu kufanya kazi: ofisini, hospitalini, nyumba ya wazee, nyumbani kwa mgonjwa.

Njia ya daktari ni ya ofisi, ambayo msimbo wake wa mahali kwenye dai ni 11. Hospitalini haipo, iwe kwa aliyelazwa (21), kliniki ya nje iliyo chini ya hospitali (19 au 22), au idara ya dharura (23). Kosa hapa hutokea zaidi pale hospitali inaponunua kliniki. Jengo halijabadilika na watu ni walewale, lakini msimbo wa mahali umehama kutoka 11 kwenda 22, na karani anaendelea na mazoea ya jana.

Bili ya pamoja ni kinyume chake: ni ya hospitalini, na ofisini haikubaliki. Ndiyo maana njia hizi mbili hazigombani. Mahali pakiruhusu moja, nyingine imeshafungwa.

Nani lazima awepo

Kwa jina la NP mwenyewe, daktari halazimiki kuwepo wakati mgonjwa anaonwa. Uhusiano wa NP au PA na daktari hufuata sheria ya jimbo: majimbo mengine yanadai mkataba wa ushirikiano au usimamizi, mengine yanamwacha NP afanye kazi peke yake.

Njia ya daktari ndiyo yenye masharti mengi, na lazima yatimie yote kwa pamoja:

- Daktari alimwona mgonjwa mwanzo, akatambua tatizo na kuweka mpango wa matibabu.
- NP au PA anaufuata mpango huo kwa tatizo hilohilo.
- Daktari anaendelea kumwona mgonjwa mara kwa mara, kiasi cha kuonesha kwamba bado ndiye anayeongoza matibabu.
- Daktari yupo ndani ya ofisi ileile saa ya huduma, na anaweza kuingia mara moja akiitwa. Chumba kimoja si lazima.
- NP au PA ni gharama ya daktari au ya kliniki: mwajiriwa, wa mkataba au wa kukodi.

Daktari aliyepo leo si lazima awe yule aliyeanzisha mpango. Mwenzake wa kliniki hiyohiyo anatosha, lakini dai lazima liende kwa jina la aliyekuwepo. Tangu 2026 Medicare imeruhusu kwa kudumu, kwa huduma nyingi, daktari asimamie kwa video ya moja kwa moja yenye picha na sauti. Simu ya sauti tupu haikubaliki, wala huduma za upasuaji zenye kipindi cha uangalizi cha siku 10 au 90 hazimo. Urahisi huo unaondoa tatizo la jengo tu. Sharti la daktari kuanzisha mpango liko palepale.

Tazama hudhurio moja kwa karibu. Mama wa miaka 71 alianzishiwa amlodipine na daktari mwezi uliopita, na mpango unasema arudi baada ya wiki nne kupimwa presha. Anarudi kwa NP, presha imeshuka, dozi inabaki ileile, daktari yuko chumba cha tatu. Mpaka hapo njia ya daktari imetimia. Kisha, akiwa anafunga mkoba wake, mama anasema ana kikohozi cha wiki mbili. NP anasikiliza mapafu, anaagiza picha ya kifua na kumwandikia dawa. Hilo ni tatizo jipya na daktari hana mpango nalo. Ama daktari aingie amwone mwenyewe kwa kikohozi na kuandika alichokiona na alichoamua, ama hudhurio zima liende kwa jina la NP kwa asilimia 85. Kwenye kliniki ya wazee matatizo mapya hutajwa mgonjwa akiwa ameshashika mlango kuondoka, kila siku, na ndiyo sababu idadi ya mahudhurio yanayofaa njia ya daktari huwa ndogo kuliko inavyokisiwa.

Kwa bili ya pamoja, NP na daktari lazima wawe wa kundi moja. NP aliyeajiriwa na hospitali na daktari wa kundi binafsi hawawezi kuunganisha kazi yao, hata kama wamesimama kitanda kimoja. Si lazima wamwone mgonjwa kwa wakati mmoja, ila iwe siku ileile, na mgonjwa anaweza kuwa mpya au wa zamani. Jina linaloenda kwenye dai ni la aliyefanya sehemu kubwa, na tangu 2024 sehemu hiyo hupimwa kwa njia mbili. Moja ni zaidi ya nusu ya muda wote. Nyingine ni sehemu kuu ya uamuzi wa kitabibu, yaani aliyeuandaa au kuuidhinisha mpango wa matibabu na kubeba dhamana yake. Kwa wagonjwa mahututi kipimo hicho cha uamuzi hakitumiki, ni muda tu.

Kwa muda hesabu ni nyepesi ila ina mtego. NP ametumia dakika 22 peke yake, daktari 25 peke yake, kisha wakakaa pamoja kwa mgonjwa dakika 10. Zile 10 huhesabiwa mara moja, kwa hiyo jumla ni 57. Anayeandikiwa hizo dakika za pamoja ajulikane, maana ndizo humvusha mmoja wao kupita nusu ya muda wote. Kwa mahututi, msimbo 99291 unaanza dakika 30, na Medicare hairuhusu kuongeza 99292 mpaka jumla ifike dakika 104.

Faili na fomu

Njia ya NP mwenyewe haina mengi: maelezo yake, saini yake, NPI yake kwenye kisanduku cha 24J cha fomu ya madai, CMS-1500.

Kwa njia ya daktari, faili lijibu maswali ya mkaguzi bila mtu kuja kueleza kwa mdomo. Mpango upo wapi, uliandikwa tarehe ngapi, na nani? Leo NP ameshughulikia kipengele gani cha mpango huo? Daktari gani alikuwa ofisini? Saini ya daktari chini ya maelezo ya NP haithibitishi lolote kati ya hayo. Hii ni dhana iliyozagaa sana, kwamba daktari akisaini jioni basi dai limekuwa lake. Kwenye fomu, NPI ya aliyesimamia siku ile huingia 24J. Ikiwa aliyeanzisha mpango ni mwingine, jina lake huingia kisanduku cha 17. Saini ya kisanduku cha 31 ni ya msimamizi.

Kwa bili ya pamoja, faili litaje wote wawili, aliyefanya sehemu kubwa asaini na kuweka tarehe, na msimbo uwekewe alama FS. "Nimemwona mgonjwa na nakubaliana na NP" ni sentensi isiyosaidia. Daktari aandike uamuzi aliofanya. Na kama kiwango cha hudhurio kimepanda kwa sababu ya kusoma picha au kuzungumza na daktari mwingine, kazi hiyo iwe imefanywa na yuleyule anayedai.

Panapoharibika

Njia ya NP mwenyewe huharibika mapema zaidi, kwenye usajili. NP anaanza kazi Jumatatu, fomu ya kujisajili Medicare, CMS-855I, haijatumwa, na mtu anasema: tumtoze kwa jina la daktari mpaka usajili ukamilike. Kwa mgonjwa mpya, hilo ni dai la uongo hata kama nia ilikuwa njema. Dawa yake ipo ndani ya kanuni zenyewe. Tarehe ya kuanza Medicare hufuata siku maombi yaliyokuja kukubaliwa yalipopokelewa au siku NP alipoanza kazi pale, ipi iliyo ya baadaye, na huduma za hadi siku 30 nyuma yake zinaweza kudaiwa. Tuma maombi mapema kupitia PECOS, mfumo wa usajili wa Medicare mtandaoni, shikilia madai, uyatume usajili ukitoka. Medicare inakupa miezi 12 tangu siku ya huduma. Bima za binafsi nyingi hazirudi nyuma, kwa hiyo kwa miezi ya kwanza mpangie NP wagonjwa wa bima zilizokwisha kumpokea tu.

PA walikuwa na kikwazo cha ziada hadi mwisho wa 2021: malipo yao yalipita kwa mwajiri. Tangu 1 Januari 2022 PA anaweza kudai na kulipwa mwenyewe, ila programu kadhaa za bili zilizowekwa kabla ya hapo bado zina mipangilio ya zamani. Kagua yako.

Njia ya daktari huharibikia kwenye kalenda. Mkaguzi huchukua madai ya daktari ya siku moja na kuyalinganisha na ratiba: siku hiyo alikuwa likizo, au saa nne asubuhi alikuwa akizungukia wodi hospitalini, na bado mahudhurio kumi ya ofisini yana jina lake. Wakati mwingine idadi tu inatosha, mtu mmoja kuona watu 45 huku akifanya upasuaji. Kliniki ikigundua imelipwa isivyostahili, Medicare inadai pesa zirudishwe ndani ya siku 60, na ukaguzi unaweza kurudi nyuma miaka sita. Kwa madai ya makusudi, sheria ya madai ya uongo ya serikali kuu inatoza mara tatu ya hasara, na juu yake faini kwa kila dai.

Bili ya pamoja huharibikia kwenye maelezo ya kunakili, ambapo maneno ya daktari na ya NP yanafanana herufi kwa herufi na haijulikani nani alifanya nini.

Bima nyingine

Hapa usikisie. Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ina asilimia yake kwa kila jimbo, na yapo majimbo yanayomlipa NP sawa na daktari. Bima za binafsi nyingine hazina njia ya daktari kabisa, zinataka kila dai liende kwa jina la aliyemwona mgonjwa. Nyingine huikubali kwa alama SA. Oregon imewalazimu bima kuwalipa NP na PA sawa na madaktari kwa tiba ya msingi na afya ya akili, kwa hiyo kwa bima zinazoguswa na sheria hiyo mjadala wa asilimia 15 haupo. Tengeneza jedwali la bima zako kumi kubwa, mbele ya kila moja andika kanuni yake na ukurasa wa mkataba inakotoka.

Kliniki za vijijini zilizosajiliwa chini ya sheria ya 1977 nazo ziko nje ya mjadala huu kwa mahudhurio ya kawaida. Hulipwa kiwango kimoja kwa hudhurio, awe aliyemwona mgonjwa ni daktari, NP au PA.

Kumbukumbu ya kazi

Dai likienda kwa jina la daktari, kwenye takwimu za bima NP hakuwepo. Mwaka 2019 tume ya MedPAC, inayolishauri Bunge la Marekani kuhusu Medicare, ilipendekeza njia hii ifutwe kwa NP na PA, na kutojua nani alifanya kazi ilikuwa miongoni mwa sababu zake. Bado haijafutwa. Kwa NP anayelipwa kwa wingi wa kazi hili ni suala la mshahara. Kabla hujasaini mkataba, uliza kama programu ya ofisi inamrekodi aliyetoa huduma kando na jina lililo kwenye dai, na kama bonasi itahesabiwa kwa rekodi ipi.

Kulingana na hali yako

Kliniki inamilikiwa na NP na haina daktari: njia ni moja, jina lako. Kazi ya muuguzi wa kawaida unayemsimamia inaweza kudaiwa malipo kwa jina lako kwa masharti yaleyale ya njia ya daktari, kwa asilimia 85.

Daktari mmoja na NP mmoja, daktari yuko ofisini siku tano: anzia kwa jina la NP kama kawaida, na njia ya daktari iwe ya wagonjwa wa magonjwa ya kudumu waliorudi kwa mpango ulioandikwa. Karani aulize kwa kila dai kabla ya kuweka jina la daktari: mahali ni 11? Daktari alishamwona mgonjwa kwa tatizo hili? Leo hakuna jipya? Nani alikuwa ofisini saa hiyo? Jibu moja likiwa hapana au sijui, dai linakwenda kwa NP.

Daktari anagawa siku kati ya ofisi na hospitali, ratiba haitabiriki: jina la NP kwa yote. Utaacha dola kadhaa, utapata dai ambalo halihitaji kutetewa.

Kliniki kubwa yenye madaktari kadhaa na wagonjwa wengi wa sukari, presha na moyo: njia ya daktari inaweza kulipa vizuri, mradi ratiba ya msimamizi wa kila kipindi cha siku iwekwe kwa maandishi na kuhifadhiwa miaka yote ambayo ukaguzi unaweza kufika.

Wodini au idara ya dharura: bili ya pamoja ikiwa daktari anafanya uamuzi kweli na kundi ni moja. Pale ambapo NP hufanya karibu yote na daktari hupita kusalimia, dai liwe la NP.

NP au PA mpya anaanza mwezi ujao: tuma 855I leo, pamoja na sehemu ya kuhamishia malipo kwa kliniki, kisha kamilisha wasifu wake wa mtandaoni wa CAQH, ambao bima za binafsi huutumia. Ruhusu miezi miwili hadi minne kwa bima hizo, na ratiba yake ya wagonjwa ifuate majibu yanavyoingia.